Nitakuambia Mwisho, na Bado Utaogopa

Kila nikitaja kitabu cha kutisha kwenye video, lazima mtu aniandikie: "Tafadhali usituambie mwisho!" Naelewa. Bando ni ghali, muda ni mchache, na hakuna anayependa kuharibiwa utamu. Lakini leo nataka kubishana na nyinyi, wasee wangu. Kama kitabu cha kutisha kinakufa mara tu unapojua mwisho wake, basi hakikuwa na uhai mwingi tangu mwanzo.

Fikiria vile vitabu ambavyo watu wanavitunza mpaka jalada linatoka. Vile vinavyoazimwa halafu vinadaiwa kama deni la pesa. Vile ambavyo mtu anarudia mara ya nne huku akijua vizuri nani atakufa na sura gani. Hivyo havina siri. Vyenyewe vinakuambia mapema mambo yataishia wapi, halafu vinakuacha utembee hadi pale macho wazi. Hofu yake haitoki kwa kutojua. Inatoka kwa kujua, na kushindwa kuzuia.

Kwa hiyo leo natoa mwisho wa vitabu vitatu, waziwazi. Kama hutaki, ishia hapa, sina kinyongo na wewe.

Kabla ya hivyo vitatu, tuanzie nyumbani, maana wazo hili si geni kwetu. Kuna ile hadithi ya msichana aliyekataa wachumba wote wa kijiji. Akaja kijana mgeni, mtanashati, nywele ndefu zimemfunika kisogo. Msichana akampenda, akamfuata kwao. Kumbe kijana ni zimwi, na chini ya zile nywele kuna mdomo wa pili, unakula nzi. Hii hadithi wengi wetu tumesimuliwa mara ngapi? Paukwa, pakawa, halafu tunaomba ile ile ya jana. Hakuna mtoto aliyesema, "Hiyo nishaisikia, leta nyingine." Tulijua mdomo uko pale. Tulijua kabla msichana hajajua, na ndiyo maana tulikuwa tunavuta blanketi: yeye anatembea na yule kijana akicheka, na sisi hatuna namna ya kumwambia geuka urudi nyumbani.

Waandishi wakubwa wa riwaya za kutisha wanafanya hivyo hivyo.

Chukua Pet Sematary ya Stephen King, iliyotoka mwaka 1983. Miaka michache kabla ya hapo King alikuwa amepanga nyumba katika mji mdogo wa Orrington, jimbo la Maine, Marekani, kando ya barabara yenye malori mengi. Barabara hiyo ilikuwa inaua wanyama wa watu kiasi kwamba watoto wa mtaa walikuwa wametengeneza makaburi ya wanyama wao. Hata jina la kitabu lina kosa la tahajia la makusudi, kwa sababu kibao cha makaburi kiliandikwa na watoto. Paka wa binti yake aligongwa, akazikwa huko. Kisha siku moja mwanawe mdogo akakimbia kuelekea barabarani, na bahati nzuri hakufika. Riwaya ikazaliwa kutokana na swali moja tu: na angefika? Alipomaliza kuiandika aliiona ni nzito mno, akaiweka kando. Ilitoka baadaye kwa sababu wachapishaji wake wa zamani walikuwa bado wanamdai kitabu kimoja.

Sasa mwisho. Mtoto wa daktari Louis Creed, anaitwa Gage, anagongwa na lori. Nyuma ya yale makaburi ya wanyama kuna ardhi nyingine ambayo ukizika maiti, inarudi. Louis ameshajaribu na paka. Paka alirudi, lakini ananuka udongo na si yule yule. Louis anajua. Bado anaenda usiku kufukua kaburi la mwanawe na kumpeleka kule. Kinachorudi kinamuua jirani yao mzee, halafu kinamuua mama mtu. Na Louis, akiwa ameshaona yote hayo kwa macho yake, anambeba mkewe kwenda kumzika pale pale.

Nimekuharibia? Hapana, kwa sababu King amenitangulia. Kuna sura ambapo baba na mtoto wanarusha tiara siku moja ya jua, siku nzuri kuliko zote kwenye kitabu. Mtoto anacheka. Na katikati ya kicheko hicho msimulizi anakuambia, kwa utulivu kabisa, kwamba mtoto huyu amebakiza chini ya miezi miwili ya kuishi. Hakuna muziki wa kutisha, hakuna mlango unaolia. Mwandishi ametupa siri yake mwenyewe, na kuanzia hapo kila lori linalopita unalisikia kifuani.

Mara ya kwanza kusoma niliogopa paka. Mara ya pili niliogopa Louis. Ukimfuata hatua kwa hatua, ukiwa unajua anakoenda, unagundua hakuna hatua hata moja ambayo ni ya kichaa. Kila moja ni ndogo, na kila moja ina sababu ambayo wewe pia ungeikubali ukiwa na msiba kama ule. Hata kwenye kumuaga mtoto, Louis na baba mkwe wanarushiana ngumi mpaka jeneza linaanguka. Mkenya aliyewahi kukaa kwenye matanga yenye koo mbili zenye kesi ya zamani hatauliza kama jambo kama hilo linawezekana.

Cha pili ni The Shining, cha huyo huyo King, mwaka 1977. Hapa najua wengi mtasema, "Hiyo tumeona filamu." Tulia kwanza.

Mwaka 1974 King na mkewe walilala katika hoteli ya Stanley, huko Estes Park, Colorado, wakati hoteli inakaribia kufungwa kwa msimu wa baridi na karibu wageni wote wameshaondoka. Hapo ndipo alipata nyumba ya hadithi yake. Mhusika wake, Jack Torrance, ni mwalimu aliyefukuzwa kazi kwa kumpiga mwanafunzi. Ni mlevi aliyeacha pombe. Wakati wa ulevi aliwahi kumvunja mkono mwanawe mdogo, Danny. Sasa amepata kazi ya kulinda hoteli tupu milimani majira yote ya baridi, yeye, mkewe na mtoto.

Mapema kabisa, kabla familia haijafungua hata mabegi, fundi wa hoteli anampeleka Jack chini kumwonyesha boila ya kupashia jengo joto. Ni kuukuu. Presha yake inapanda yenyewe, polepole, na lazima ishushwe kila siku, la sivyo hoteli nzima itaruka. Mwisho wa kitabu ndio huo. Umewekwa mezani mapema hivyo, na ndivyo inavyokuwa: Jack anasahau boila, hoteli inalipuka naye akiwa ndani. Na ukisoma mara ya pili unaelewa kwamba fundi alikuwa anaeleza habari za Jack mwenyewe.

Filamu ya Stanley Kubrick ya mwaka 1980 ni nzuri kuitazama, sibishi. Lakini King hakuipenda na amesema hivyo hadharani miaka mingi. Moja ya malalamiko yake ni kwamba Jack wa filamu anaonekana amechanganyikiwa tangu dakika ya kwanza. Jack wa kitabu anapigana. Anampenda mwanawe. Kuna mahali karibu na mwisho, akiwa ameshachukuliwa kabisa na ile hoteli, anajirudia kwa muda mfupi tu, anamwambia Danny akimbie na kwamba anampenda. Halafu anapotea tena.

Nina rafiki ambaye amesoma kitabu hiki mara tano. Yule mwanamke wa chumba 217 hamjali hata kidogo. Anarudia zile kurasa chache ambapo baba anasema kimbia. Sijawahi kumuuliza kwa nini, kwa sababu nimekulia mtaa mmoja naye na namjua babake. Ni mtu mpole sana Jumatatu hadi Alhamisi. Kuna nyumba nyingi hapa Kenya ambazo watoto wanajua sauti ya geti inaashiria nini kulingana na saa. Wanasoma ile presha kila jioni kuliko fundi yeyote. Ukimwambia mtoto wa nyumba kama hiyo mwisho wa The Shining, humwambii jipya. Anachotafuta kwenye kitabu ni ushahidi kwamba ule upendo pia ulikuwa wa kweli.

Cha tatu ndicho changu hasa. The Haunting of Hill House, cha Shirley Jackson, mwaka 1959.

Eleanor Vance ana miaka 32. Miaka 11 ya maisha yake imekwenda kumuuguza mama yake mgonjwa. Mama akishafariki, Eleanor anapata mwaliko wa mtafiti mmoja, Dkt. Montague, wa kwenda kuishi kwenye nyumba inayosemekana ina mizimu. Anaenda, kwa sababu hiyo ndiyo mara ya kwanza mtu kumwita mahali popote. Usiku, kitu kinaanza kugonga. Kinagonga ukuta, kinagonga milango, kinakuja kwenye ukumbi mlango mmoja baada ya mwingine.

Mwisho: nyumba inampenda, au yeye anaipenda nyumba, chagua mwenyewe. Wenzake wanaona amezidiwa, wanamlazimisha aondoke. Anaendesha gari kwenda kujigonga kwenye mti, na nukta ya mwisho kabisa anajiuliza kwa nini anafanya hivyo na kwa nini hakuna anayemzuia. Halafu kitabu kinafunga kwa maneno karibu yale yale kilichofungulia. Yaani chenyewe kinarudi kilikoanza, kama ambaye anajua utarudi pia.

Kidato cha tatu nilikipendea ile nyumba, na kuta zake zilizojengwa kombo. Miaka michache baadaye nilikisoma tena nikiwa ushago, na sababu ni hii. Shosho alipatwa na kiharusi nikiwa mwaka wa pili chuoni. Mama anafanya kazi mbali, wadogo zangu wako shule, na karo yangu yenyewe ilikuwa inapatikana kwa kudra. Tulipiga hesabu kama familia, nikarudi nyumbani. Sikurudi chuo tena. Kwa miezi 14 nililala chumba kilichopakana na chake, ukuta wa mbao katikati. Usiku akitaka maji, au akitaka kugeuzwa, alikuwa anagonga ule ukuta kwa fimbo yake. Mara tatu. Anangoja. Mara tatu tena.

Sasa nirudi kwa Eleanor. Usiku wa kwanza wa kugongwa kule Hill House, kabla hajaamka vizuri, jibu lake la kwanza ni kumwambia mama yake kwamba anakuja. Haogopi. Anafikiri ni mama. Na baadaye anawaambia wenzake jambo ambalo wasomaji wengi wanalipita: usiku ule mama alipofariki, aligonga ukuta akaita, na Eleanor hakuamka. Kisha anaongeza kwamba hajui. Huenda aliamka. Huenda alisikia, akalala tena.

Mimi niliamka kila mara. Lakini nitasema kitu ambacho sisi tunaouguza huwa hatukisemi mbele za watu. Kuna usiku unasikia fimbo inagonga, na sehemu moja ya moyo wako inaomba iwe ndoto. Unaamka. Unaenda. Unampa maji, unamgeuza, unamshika mkono mpaka usingizi umchukue. Lakini ile sehemu imeshaongea, na wewe umeisikia.

Shosho alipofariki, kikundi cha WhatsApp kilifunguliwa, mchango ukachangwa, tulivaa sare, na kila aliyeshika maikrofoni alisema alikuwa nguzo ya familia. Kweli alikuwa. Nami nikaambiwa, "Wewe umebarikiwa, ulimtunza." Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuuliza ule ugongaji ulikuwa unasikika vipi saa tisa usiku. Aliyeuliza ni mama wa watoto wanne kutoka Vermont, aliyefariki mwaka 1965, ambaye hajui kama Kenya ina mimi. Nilijua Eleanor ataishia kwenye ule mti. Nilisoma hata hivyo, polepole, kwa sababu nilikuwa nasoma kitu ambacho kwenye matanga hakikuwa na mahali pa kukaa.

Hiyo ndiyo kazi ya kitabu cha kutisha kinachorudiwa. Maisha yenyewe hayatufichi mwisho. Tulijua shosho hatapona, daktari alisema wazi. Tunajua baba fulani atalewa Ijumaa. Tunajua barabara ipi inaua watoto. Kinachotutesa ni ule muda kati ya kujua na kutokea, na riwaya hizi zinakaa na wewe kwenye huo muda bila kukuharakisha wala kukuambia ujikaze.

Najua nitapingwa, na wapingaji wa kwanza wanakaa kwetu nyumbani. Mamangu akiona majalada haya anasema ninaalika mapepo. Mama, kwa heshima zote, fungua Samweli wa Kwanza, sura ya 28. Mfalme Sauli anaenda usiku, amejibadilisha mavazi, kwa mwanamke wa Endori ili amwite Samweli aliyekufa. Samweli anakuja, na anamwambia waziwazi kwamba kesho yeye na wanawe watakufa. Sauli anaanguka chini kwa hofu. Halafu anasihiwa ale, anakula, anasimama, anaondoka usiku ule ule kuelekea vita vyake. Ni moja ya hadithi za kutisha kali kuliko zote ninazozijua, na mwisho umetajwa kabla. Nadhani hata kanisani hawajawahi kusema isisomwe mara ya pili.

Wapingaji wa pili ni nyinyi mnaopenda kushtukizwa. Sikatai, kushtuka ni kutamu. Lakini kitabu kinachotegemea mshtuko peke yake ni kama muwa: unatafuna, unafyonza, unatema makapi. Hakuna mtu anayeokota makapi kesho yake.

Na sasa lalamiko langu. Hivi vyote vitatu nimevipata kwa Kiingereza, kwa wale wauzaji wa inama hapa mjini Nairobi, na nimelipa kati ya shilingi 100 na 200. Kwa Kiswahili rafu ya kutisha ni fupi mno. Tuna Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, 1960, lakini hiyo ni riwaya ya upelelezi. Bwana Msa anakuja, na nyuma ya mzimu tunamkuta binadamu. Tuna Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, 2001, na hiyo nawaomba muitafute, kwa sababu inafanya hasa ninachosema. Jina lenyewe limetoboa siri. Babu amefufuka, na hakuja kumtisha mjukuu wake mkubwa wa serikali kwa meno wala kucha. Amekuja na mambo ambayo mjukuu anayajua tayari na amekataa kuyaangalia.

Ni aibu kwamba tukitaka kuongezea hapo tunakuna kichwa. Watu ambao walitunga zimwi lenye mdomo kisogoni hawawezi kusema hawana malighafi. Nahisi tatizo ni kwamba tumezoea kuandika kwa ajili ya darasa. Kitabu kinasomwa ili kijibiwe maswali ya maudhui na wahusika, na siku mtihani unaisha kinafungwa kabisa. Ni watu wangapi unaowajua wamerudia kitabu cha mtihani kwa hiari yao? Riwaya ya kutisha haiogopi kurudiwa, na lugha ambayo watu wanarudia vitabu vyake kwa hiari ndiyo lugha ambayo wataililia pia.

Kwa hiyo sai sitaki mniulize tena kitabu kipi kilinitisha zaidi. Hilo swali linajibiwa na usiku mmoja tu, stima ikiwa imepotea. Niulizeni nimekirudia mara ngapi na ukurasa gani.

Nanyi nawauliza vivyo hivyo. Tafuta kimoja ulichokisoma zamani, kile unachokijua mpaka mwisho. Soma tena mwaka huu, na umri ulio nao sasa, na watu uliowapoteza tangu wakati ule. Kisha niambie ni wapi ulisimama safari hii. Nina uhakika haitakuwa pale uliposimama mara ya kwanza.